Mapanja

Mwaka wa kumi na nne huu nanyoa Kibaigwa,
mkabala na mzani wa mahindi.
Vichwa vya matingo, vichwa vya madalali,
navijua kwa vidole kama mpishi anavyoijua chumvi:
kisogo kirefu, utosi bapa, kovu la jiwe la utotoni.
Mashine inapita, mimi nasoma.

Kichwa cha mwanangu nilichelewa kukisoma.

Alipozaliwa hakulia.
Alipumua kama mtu anayekumbushwa kupumua,
mdomo wa juu umesimama kama hema,
maziwa yakimrudi puani.
Tukamwita Nyemo, yaani furaha;
jina tulikuwa tumeliweka kabla,
na jingine hatukuwa nalo.

Jumapili moja, ana miaka mitatu,
nikapita juu ya sikio, mkono ukazama.
Panja la kulia, shimo. La kushoto, shimo.
Kama tonge ulilolibonyeza kwa dole gumba
kabla hujachovya mboga.

Uso ukazidi kurefuka. Kinywa hakifungi.
Wateja ndio wasemaji:
"Mwanao mbona ananishangaa?"
Mama yangu akaja na kitambaa cheupe,
akamfunga taya usiku, kidevu hadi utosini,
kama wanavyofungwa wale
(nikakifungua, sikusema neno).
Nyama hatafuni, karanga hatafuni.
Mlenda humshukia wenyewe.

Dodoma mjini, hospitali, chumba cha mwisho.
Daktari kijana akampa mke wangu mkono:
"Mbukwa, mama."
Sechelela akaupokea. Salamu ikaisha.
Mkono haukuachia.
Vidole vilifunguka kimoja, kingine, kingine,
kama mlango wa bati wenye kutu.
Nami nilikuwa nikiliona jambo hilo kila siku,
kwenye mpini wa jembe, kwenye kamba ya ndoo,
kwenye shati langu,
nikadhani ni mapenzi.

Daktari hakucheka.
Akautazama mkono, akamtazama mtoto, akavuta kiti.

Alisema mfupa haujichongi.
Fuvu la mtoto ni udongo mbichi, msuli ndio mfinyanzi:
kila akitafuna, kila akikunja uso,
unavuta, unasukuma, mfupa unafuata.
Kwa huyu mfinyanzi amelegea,
ndiyo maana taya limeshuka,
paa la kinywa limepanda likawa jembamba.
Hajarogwa. Hakuangushwa.
Limepita kwa mama kama ipitavyo rangi ya macho,
kwa mtoto likafika na uzito zaidi.
Dawa ya kulirudisha lilikotoka, hakuna.
Yapo mazoezi, yupo wa kumfundisha kumeza,
na tarehe ya kurudi ameiandika kwenye kadi.

Njia nzima Sechelela aliikalia mikono yake.

Nyumbani mama alisikiliza hadi mwisho,
akageuka: "Kumbe ni wewe."
Nilinyamaza. Siku mbili nilinyamaza.
Na hilo liandikwe kwenye kadi.

Sasa ana miaka tisa.
Anakaa kwenye kiti changu, juu ya ubao.
Shingo huchoka mapema,
basi mkono wangu wa kushoto ndio shingo,
wa kulia unanyoa.
"Baba, panki." Sauti inapitia puani;
mteja mgeni huuliza amesemaje,
wenyeji humjibu bila kuinua macho kwenye simu.

Pembeni, kwenye mapanja, huwa naacha nywele kidogo,
zifunike lile bonde.
Leo ameliona kwenye kioo.
"Hapo pia. Toa zote."
Nikamwambia panki haikai hivyo.
"Toa."

Nikatoa.
Bonde likabaki wazi kwenye taa.
Nikapaka spiriti, nikapiga poda, nikapangusa shingo.
Uso kwenye kioo haukubadilika hata kidogo,
ila chini visigino vilikuwa vinagonga kiti,
ta, ta, ta,
na hivyo ndivyo anavyocheka.

Anayefuata.